Usiku Mmoja wa Kumlaza Mama

Siku ya tatu tangu jirani zangu warudi likizo kutoka Uingereza, nilimwona Wepukhulu, mwanamume wa miaka hamsini na tatu mwenye kitambi chake, akitoka nyumbani mwake kupitia dirisha la jikoni. Alitanguliza mguu mmoja, akakwama kiunoni, akavuta pumzi, akajisukuma hadi nje. Miguuni alikuwa na soksi tu. Aliponiona nimesimama uani kwangu na beseni la nguo, alinisalimia kwa heshima zote, akaniuliza habari za asubuhi na habari za biashara, kana kwamba hiyo ndiyo njia ya kawaida ya mtu mwenye nyumba ya milango mitatu.

Sikumwuliza kitu. Nilijua tu kwamba mama mkwe amefika.

Mimi naitwa Sharifo. Nimezaliwa Kitale, nimeolewa Kitale, nimefiwa na mume Kitale, na nauza dera na leso karibu na stendi. Hapa mtaani Tuwan nimekaa na Wabukusu miaka thelathini. Nimekula kuku wao, wakimwita kwanza mwanangu Abdikarim aje achinje, nao wamekula anjera yangu, chapati laini za sisi Wasomali, mpaka wakajifunza kuipika vibaya. Lakini mambo yao na mama mkwe yalinichukua muda kuyaelewa. Kwao mwanamume na mama wa mke wake hawapeani mikono, hawakai chumba kimoja, hawali meza moja. Huyu akipita huku, yule anapita kule. Mwanzoni nilidhani wamegombana wote, ukoo mzima. Kumbe ni heshima, na heshima yenyewe ni kubwa mpaka inamtoa mtu dirishani. Juu ya hayo yote, mama hawezi kulala nyumbani kwa mkwe wake. Atakuja mchana, atakula, atasifu, ataiombea nyumba, lakini jua likianza kuinama anashika mkoba wake aende.

Sasa ngoja nikuambie kwa nini jambo hilo lilikuwa balaa mwaka huo. Nikuambie habari za Phelista, mke wa huyo wa dirishani.

Phelista alizaliwa Kibabii, nje kidogo ya mji wa Bungoma, enzi ambazo hakukuwa na chuo kikuu hapo. Ni mtoto wa tatu kati ya wanane. Aliolewa Kitale, akawa mpishi wa shule, na tulipokuwa wapangaji kwenye ploti moja ndipo tulipojuana. Ni mwanamke wa kelele. Akicheka, mbwa wa jirani anaamka. Mwaka wa 2010 alipata kazi Uingereza, mji mmoja wa baridi unaoitwa Hull, na Wepukhulu akamfuata baadaye na mtoto wao Ian. Mume anaendesha mashine ya kubeba mizigo kwenye stoo. Mke anatunza wazee.

Kazi yake ni ya jioni na usiku. Kwenye nyumba hiyo ya wazee ana ukumbi wake mmoja wenye akina mama tisa, na kila siku lazima awalaze. Anawajua wote. Mmoja hawezi kulala bila soksi ya mguu wa kushoto peke yake. Mwingine anataka taa iwake. Mwingine huuliza kila jioni kama basi la mume wake limefika, na huyo mume alikufa kabla Phelista hajazaliwa, na Phelista humjibu kwamba basi limechelewa kidogo, mama, lala tu. Alikuwa akinisimulia hayo kwa simu huku akicheka mpaka nasogeza simu mbali na sikio. Ila siku moja hakucheka.

"Mama Abdi," aliniambia, "mimi nawalaza mama za watu kila usiku. Mama yangu mwenyewe sijui hata analala upande gani."

Miaka kumi na minne, na alikuwa amerudi nyumbani mara mbili tu, zote kwa matanga. Matangani hakuna anayelala. Hapo ndipo alipoamua kujenga.

Alijenga hapa Tuwan, kiambaza kwa kiambaza na mimi, na aliyeshika funguo na kumfokea fundi ni mimi. Vyumba vitano vya kulala. Lakini moyo wake wote ulikuwa kwenye chumba kimoja cha chini, cha mama yake. Alitaka sakafu isiyoteleza. Alitaka vyuma ukutani bafuni vya kushikilia. Alitaka dirisha litazame Mlima Elgon. Kitanda alikitaka cha urefu unaomfaa mama yake hasa, asipande wala asishuke, kwa hiyo akanituma Kibabii na futi ya ushonaji nikampime yule mama kutoka goti hadi kisigino. Ningesema nini? Nilimwambia nampimia dera. Mama wa watu akashukuru, na mimi nikalazimika kushona dera.

Kila picha ya chumba hicho iliyofika kwenye simu ya mama huyo, alijibu "Mungu akubariki." Si zaidi, si pungufu. Nami niliona. Nimekaa na watu hawa miaka thelathini, nilijua kabisa kwamba mwenye dera langu hatalala kwenye kitanda kile hata mara moja. Nilinyamaza kwa sababu fundi alikuwa amefika kwenye linta, juu ya madirisha, na kwa sababu nilijiambia Phelista ni Mbukusu, mimi ni nani wa kumfundisha mila za kwao? Kosa langu nalikiri. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba mila hupungua makali kama kisu kilichosahauliwa kabatini, na kwamba mtu akikaa mbali sana atakuta imekuwa butu.

Basi ndiyo siku hiyo ya dirisha. Mama Nekesa, mama yake Phelista, miaka sabini na saba, mdogo wa mwili, fimbo mkononi, dera langu mwilini, alipitishwa nyumba nzima. Mimi niliitwa kuwa shahidi. Alishika vile vyuma vya bafuni akavitikisa kuona kama fundi alikuwa mkweli. Aliliminya godoro kwa kidole kimoja, kama anayenunua parachichi. Alitazama dirishani kwa muda, akasema mlima huo hata wao Bungoma wanauona, na wanauona usoni. Huku Kitale wamewekewa mgongo. Kisha akaomba kiti cha plastiki, akakiweka mlangoni mwa chumba, miguu miwili ya kiti ndani na miwili nje, akakaa hapo.

Phelista akamwambia leo utalala hapa.

"Hii chumba ni mzuri sana," akasema Mama Nekesa. "Mungu amekuona. Rakini mimi siwezi lala kwa nyumba ya mkwe."

Ubishi ulianza saa tano, ukaendelea mpaka chakula kikapoa. Phelista alisema ploti imeandikwa jina lake, hati anayo. Mama akajibu kwamba hati ni ya serikali, na serikali haina mama mkwe. Phelista akasema Wepukhulu ataenda kulala gesti mjini, na Wepukhulu, aliyekuwa nyuma ya nyumba akisikiliza, akakubali upesi kuliko inavyompasa mwanamume mwenye ndoa. Mama akasema nyumba haiachi kuwa ya mtu kwa sababu mtu ametoka. Phelista akauliza basi, likivunjwa sharti hilo, kinatokea nini? Mama akasema hajui, kwa sababu katika watu wote anaowafahamu hakuna aliyewahi kulivunja. Mimi nilitoka nje nikacheka.

Saa kumi alishika mkoba wake. Phelista alimsindikiza hadi stendi, akarudi na uso uliovimba, akaenda moja kwa moja kukaa kwenye kile kitanda. Alikaa hapo mpaka giza. Nilimhurumia kweli, na nilijikasirikia vilevile, maana nilikuwa na miezi kumi na minane ya kumwambia.

Utauliza, si aende yeye akalale kwa mama yake? Alienda. Binti hakatazwi. Alikaa Kibabii siku tatu za Krismasi, na huko mambo yakawa mabaya zaidi. Habari zilishaenea kwamba wa Uingereza amekuja. Kila ndugu alileta watoto wake, kila mama wa kanisa alipita kusalimia na kukaa mpaka achinjiwe. Yeye alikuwa mgeni, na mgeni anapewa kitanda cha mwenye nyumba. Kwa hiyo Phelista alilala peke yake kwenye kitanda cha mama yake, na mama yake akalala jikoni katikati ya wajukuu kumi na mmoja. Usiku akiamka kwenda kumtafuta, anakanyaga mtoto. Asubuhi akishika sufuria anapokonywa. Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Phelista siku ya tatu alinyimwa hata ufagio. Alirudi Kitale ameshiba kuku na amejaa hasira, na kwenye kalenda zilikuwa zimebaki siku tisa.

Tarehe ishirini na nane mama akaja tena, asubuhi kama kawaida yake, na kuku wawili ndani ya kikapu. Wepukhulu alikuwa mjini kwa kinyozi na hakuna aliyekumbuka kumpigia. Alirudi kupitia mlango wa nyuma, akaingia bafuni mwishoni mwa ukumbi, akafunga. Wakati huohuo Phelista alitoka kwenda kununua nyama. Mama Nekesa, akiwa peke yake na akisikia baridi, alichukua kiti chake cha plastiki akafuata jua. Na jua katika nyumba ile, saa hizo, linaingia sehemu moja tu: ukumbini, mkabala na mlango wa bafu.

Nilikuwa nakunja leso zangu simu ilipolia. Ujumbe wa Wepukhulu: "Niko bafuni. Mama yuko nje ya mlango. Dirisha ya huku ni ndogo. Nisaidie Mama Abdi."

Nilicheka kwanza. Nilicheka vizuri, nikakaa chini. Halafu akatuma mwingine wa kuniambia kwamba ameshamaliza lisaa limoja humo.

Baadaye nilipata kisa chote kutoka pande zote mbili. Wepukhulu alisikia fimbo ikigonga sakafu, akajua ni nani, akafungua bomba ili mama ajue kuna mtu. Mama akajua. Lakini ili aondoke ilimbidi apite mbele ya ule mlango, na je, kama wakati anapita, mkwe naye anafungua? Watakutana pua kwa pua. Kwa hiyo akatulia kumpa mkwe nafasi ya kutoka. Na mkwe, ndani, akatulia kumpa mama nafasi ya kuondoka. Mama akakohoa kumwonyesha kwamba bado yupo. Mkwe akakohoa kumwonyesha kwamba amesikia. Kila mmoja alimsubiri mwenzake kwa adabu hadi jua likahama.

Nilipoingia nilimkuta Mama Nekesa amegeukia ukuta, leso kichwani, mgongo kwa mlango. Hakugeuka.

"Sharifo," akasema, "kuna mtu huko ndani, na mimi sitaki kumjua ni nani."

Nikamwambia, mama, njoo kwangu unywe chai. Nilimshika mkono, nikamfunika upande wa mlango kwa mwili wangu, ambao Mungu ameujalia upana, tukapita. Tulikuwa bado hatujafika sebuleni, mlango nyuma yetu ukafunguka na nikasikia miguu ikikimbia kama ya mwizi wa mahindi.

Nyumba yangu ni vyumba viwili na jiko. Sina makochi, nina magodoro ya chini na mito pande tatu za chumba, kama tulivyolelewa. Nilimkaribisha hapo, nikamletea chai ya tangawizi na anjera ya asali. Alikula tatu. Aliniuliza habari za Abdikarim, nikamwambia yuko Eldoret na mke wake. Aliniuliza kama mume wangu alikufa zamani, nikamwambia miaka saba. Akauliza kama kuna mwanamume mwingine yeyote anayeingia nyumba hii. Nikamwambia, mama, hata fundi wa stima simruhusu kuvua kofia. Akaridhika. Niliingia jikoni kuongeza chai, na niliporudi alikuwa amelala.

Alilala kabisa, si kusinzia. Amekunja miguu, mkono chini ya shavu, mdomo wazi kidogo, akikoroma kasauti ka paka. Nilisimama na birika langu nikaduwaa, maana nilikuwa nimejaribu kumfikiria mama huyu amelala na sikuweza. Ni mmoja wa wale wanawake unaodhani walizaliwa wamesimama.

Phelista alirudi na nyama, akakuta nyumba yake haina mtu, akaja kwangu akiita kwa sauti yake ile. Nilimwonyesha kidole mdomoni. Akafika mlangoni akaona. Mfuko wa nyama ulikuwa unadondosha damu kwenye mkeka wangu na sikusema neno, jambo ambalo watu wanaonijua hawataliamini. Alisimama hapo muda mrefu akilia bila sauti.

"Analala upande wa kulia," akaniambia.

Mama alipoamka sikuzunguka mbuyu. Nilimwuliza, mama, kwangu ungelala? Usiku mzima? Alifikiria. Alitazama dari, alitazama mlango, alipima umbali wa ukuta wangu na ukuta wa mkwe wake, nadhani kwa hatua.

"Kwako mimi ni mgeni," akasema. "Mgeni analala. Kwa mkwe mimi ni aibu."

Ila si siku hiyo, kwa sababu kuku wake walikuwa nje na hakuna wa kuwafungia. Angekuja Ijumaa, siku mbili kabla ya safari yao ya kurudi Uingereza.

Ungedhani Phelista angerukaruka. La. Alinuna. Alinuna siku nzima, na akinuna yeye hufua nguo ambazo si chafu. Aliniambia kwenye kamba ya nguo kwamba amejenga vyumba vitano, ametumia miaka yake ya nguvu, na sasa mama yake analazwa kwa jirani kama mtu asiye na mtoto. Watu watasema nini? Nilimjibu kwamba watu watasema, ndiyo kazi yao. Maneno yake yalinikera kidogo, siwezi kuficha. Nyumba yangu ni ndogo, lakini si mahali pa kulia.

Aliyemaliza ubishi huo ni Wepukhulu, mwanamume ambaye katika ujirani wetu wote sijamsikia akimaliza sentensi mbele ya mke wake. Alikuwa anakula ndizi kwenye ngazi.

"Ulitaka mama alale," akamwuliza, "ama ulitaka alale kwa hiyo kitanda?"

Phelista aliendelea kukamua shati, akalikamua mpaka likakauka. Jioni alikuja kwangu na sukari kilo mbili na unga, akakaa, akaniuliza nina blanketi ngapi. Hivyo ndivyo anavyoomba radhi.

Hata hivyo kitanda hakikumtoka moyoni. Ijumaa asubuhi yeye na mumewe na mafundi wawili walikibeba kile kitanda cha kipimo cha goti, wakakipitisha juu ya ua, ili kiingie kwangu. Hakikuingia mlangoni. Wakakigeuza kwa ubavu, hakikuingia. Wakakisimamisha, kikang'oa rangi ya mlango wangu na bado hakikuingia. Kikaachwa barazani, na kabla ya adhuhuri kuku wangu mwekundu alikuwa amekikubali na kutaga juu yake. Wepukhulu aliniambia kwa sauti ya chini kwamba angalau kuna mtu amekilalia.

Mama Nekesa alifika saa kumi na moja jioni. Nataka uelewe uzito wa hiyo saa. Miaka yote nimemwona akija asubuhi na akishika mkoba saa kumi. Siku hiyo alikuja wakati ambao huwa anaondoka, na mkoba wake ulikuwa umevimba kwa nguo za kulalia. Phelista alimwona kutoka getini akaanza kukimbia, mwanamke wa miaka arobaini na tisa, na slipa moja ikabaki njiani.

Usiku wenyewe sitaurefusha. Tulikula, tukaoga, nikawapa chumba cha mbele na mimi nikabaki cha nyuma, katikati yetu pazia tu. Phelista aliingia kazini. Alileta vitu vyake vyote: mito miwili ya manyoya, chupa ya mpira ya maji moto ya miguuni, blanketi laini kutoka Hull, glasi ya maji yenye kifuniko. Alimwosha mama yake miguu kwa maji ya uvuguvugu na kumpaka mafuta kidole kwa kidole. Alipanga slipa zikielekea choo, ili mtu akiamka gizani asizitafute. Sauti yake ilibadilika ikawa ya polepole, ya mtu anayezungumza na wagonjwa, akiuliza kama mto uko sawa, kama mgongo uko sawa, kama taa iwake au izimwe. Mama akamwambia kwamba yeye si mgonjwa. Lakini aliinua kichwa mto uwekwe, akatoa miguu ipakwe, akageuzwa upande wa kulia akageuka. Alikuwa amefumba macho na anatabasamu, nami nikaondoa macho nikaenda zangu kulala.

Kupitia pazia niliwasikia kwa muda. Phelista alikuwa anamsimulia wale akina mama tisa, mmoja mmoja, yule wa soksi, yule wa taa, yule wa basi. Mama alikuwa anauliza swali lilelile kwa kila mmoja: ana watoto? Wako wapi? Wanakuja kumwona? Phelista alijibu, kisha majibu yakawa mafupi. Baadaye nikasikia sauti moja tu, na haikuwa ya Phelista. Ilikuwa ya mama, kwa Kibukusu, chini chini. Maneno sikuyaelewa.

Niliamka kwa swala ya alfajiri. Januari asubuhi Kitale baridi huuma hadi kwenye meno. Niliwasha taa ya jiko, na mwanga ukapita chini ya pazia, nikachungulia kuona kama mama wa watu amefunikwa vizuri.

Alikuwa ameketi. Mgongo ukutani, miguu ameinyoosha, macho wazi. Phelista alikuwa amejikunja ubavuni mwake kama mtoto wa darasa la kwanza, kichwa kwenye paja la mama, mdomo wazi, akikoroma kasauti kalekale ka paka. Mito yote miwili ilikuwa chini ya Phelista. Blanketi la Hull lilikuwa juu yake, na juu ya blanketi sweta ya mama, na juu ya sweta leso. Chupa ya maji moto ilikuwa imesogezwa kwenye miguu ya Phelista.

Nilimwuliza mama kwa kunong'ona kama hakulala. Akasema amelala kidogo, inamtosha. Huyu ndiye aliyelala kwanza, tena katikati ya neno. Aliniambia kwamba hata alipokuwa mdogo ndivyo alivyokuwa, anaongea, anaongea, halafu kimya. Mama mwenyewe alikuwa amelisahau hilo. Alipitisha kiganja kwenye kichwa cha binti yake, ambacho kina mvi sasa, akazipapasa taratibu kama mtu anayezihesabu kwa vidole.

"Huko anawalaza wamama tisa," akasema. "Na yeye, nani anamlaza?"

Nilijua Wepukhulu hufanya kazi mchana na Phelista usiku, na kwamba mmoja akiingia kitandani mwingine anatoka. Aliwahi kuniambia hayo akicheka. Nilirudi jikoni nikaswali kwa sauti ya chini, na nilipofika kwenye dua nilishindwa kujua nianze kumwombea nani.

Kulipokucha mtu aligonga geti. Alikuwa Wepukhulu na themosi ya chai, amevaa viatu safari hii, amesimama hatua nne nje ya geti na uso ameugeuzia barabara. Mama Nekesa alivuta leso yake akajifunika uso, ingawa kati yao kulikuwa na ukuta, pazia na geti la chuma.

"Ambia huyo mtu asante," akaniagiza. "Rakini asigonge tena. Mtoto wangu bado amelala."

Nikapeleka ujumbe. Wepukhulu aliweka themosi chini bila kuigusisha na mawe, akaondoka kwa ncha za vidole. Majirani walikuja kuaga, nikawarudisha. Simu ya Phelista ilitetemeka mara mbili, mama akanipa nikaizima. Tulikaa sisi wawili, tukanywa chai ya mkwe bila kugonganisha vikombe, na jua likapanda mpaka likaingia ndani.

Phelista aliamka saa nne kasoro. Mguu wa mama yake ulikuwa umekufa ganzi tangu alfajiri, na hakuwa ameusogeza.